Vidole Vilivyoyeyuka Kwenye Runinga Kubwa

Jioni, muda mfupi kabla ya taarifa ya habari, mwanamke mmoja anasimama mbele ya pazia la kijani katika chumba kisichozidi jiko la nyumba ya kupanga. Anavua pete na kuitia mfukoni. Anavua saa. Anakunja mikono ya shati lake jeusi hadi karibu na viwiko, kisha anafumba na kufumbua vidole kama mtu anayepasha mwili kabla ya mbio.

Upande wa pili wa kioo, mtangazaji anapakwa poda na kuwekwa sawa kola. Mwanamke huyu hana wa kumpaka. Kipaza sauti pia hana, kwa sababu hatasema neno hata moja.

Ni mkalimani wa lugha ya alama. Taarifa ikianza, sauti ya mtangazaji inamwingia kupitia kisikilizi kidogo sikioni, na kabla sentensi haijaisha maneno yameshatokea mikononi mwake, usoni mwake, mabegani mwake. Bei ya unga ikipanda, nyusi zinapanda nayo.

Wenzake kituoni wamempachika jina la Kasuku, kwa kuwa mkate wake anaupata kwa kurudia ya wengine. Yeye hulicheka jina hilo. "Kasuku asiyefungua mdomo umemwona wapi?" anauliza.

Kituo chenyewe ni kidogo. Hakina mnara wala masafa. Taarifa zake hurushwa mubashara kwa mtandao, na mtazamaji huzifuata kwa simu, kwa kompyuta au kwa runinga iliyounganishwa na intaneti. Kwa wanaosikia, Kasuku ni pambo la pembeni. Kwa viziwi wa mji mzima, yeye ndiye taarifa ya habari.

Leo anafanya kazi akiwa na uso mkunjufu. Miezi michache iliyopita alikuwa amekwisha kumwambia mhariri wake kwamba anaondoka.

Kasuku, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mtoto wa fundi cherehani. Baba yake alipoteza usikivu akiwa mdogo, baada ya homa kali. Mama yake alifariki mapema, kwa hiyo binti akakulia katika nyumba ambayo mazungumzo yote yalifanyika kwa mikono, kuanzia salamu za asubuhi hadi ugomvi wa nani kamaliza sukari.

"Nilijua kuomba maji kwa vidole kabla sijajua kuyaomba kwa mdomo," anasema.

Alipoanza shule, mwalimu alimwamuru aweke mikono juu ya dawati na aitulize. Mtoto alibaki kimya mpaka kengele ya kutoka. Kwake yeye, kuambiwa atulize mikono kulikuwa sawa na kuambiwa afunge mdomo, na alitii kama alivyofunzwa.

Tangu utotoni alikuwa mdomo wa baba yake sokoni na sikio lake hospitalini. Wateja walioleta vitambaa walizoea kumweleza mtoto wa kike urefu wa gauni na upana wa kiuno, naye akayapeleka kwa mzee aliyeketi nyuma ya cherehani.

Hakuwahi kufikiri kwamba hiyo ni kazi ya kulipwa. Aliajiriwa kituoni kama karani wa mapokezi, akapokea wageni na simu kwa miaka kadhaa. Siku moja baba yake alipita kumletea ufunguo wa nyumba aliousahau, wakasimama kila mmoja upande wake wa mlango wa kioo uliokuwa umekwama, wakaendelea na mazungumzo yao kama kawaida. Mhariri alikuwa akipita. Alisimama, akatazama, akauliza mafunzo hayo ameyapata wapi.

"Nikamwambia, nyumbani," anakumbuka Kasuku. Alipelekwa kusomea ukalimani, akafaulu, akarudi na kukabidhiwa kisanduku kidogo cha picha kwenye kona ya chini ya skrini, upande wa kulia.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sabuni. Ngazi za kituo zilikuwa zimetoka kupigwa deki, Kasuku akateleza na kuangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kifundo ulivunjika. Aliwekewa plasta, na mkalimani wa kuazima kutoka shule moja ya viziwi akamshikia nafasi.

Plasta ilipotolewa, daktari alimwonyesha picha ya mfupa na kumhakikishia kuwa umeunga vizuri. Hata hivyo mkono ulikuwa umekonda, na asubuhi uliamka mzito. Baba yake alimpa kazi ya kukamua matambara mabichi kila siku, akisimamia zoezi hilo kama kocha wa ndondi.

Alirejea kazini kwa furaha. Haikupita wiki, malalamiko yakaanza.

Yalitoka katika ukumbi wa chama cha viziwi, ambako watu wapatao thelathini hukutana jioni kutazama habari pamoja. Mwenyekiti wao ni seremala, mtu wa adabu nyingi, na alijirekodi kwa simu akimpa pole ya mkono kwanza, akamuuliza hali ya mzee, ndipo akafika kwenye kiini. Watu ukumbini hawamwelewi tena. Alama alizotumia zilimchoma Kasuku, na mpaka leo anazikumbuka.

"Alisema mikono yangu inakula maneno," anasema. "Kwetu sisi hilo ni sawa na kumwambia mtangazaji kwamba anabwabwaja kama mlevi."

Alianza kujifungia chumbani mbele ya kioo cha kabati na kurudia taarifa nzima. Kiooni aliona vidole vikienda vilipotakiwa, lakini alijiambia kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe. Mhariri aliitazama taarifa kwenye simu yake, akasema haoni kasoro. Kauli hiyo haikumfariji, maana mhariri hajui hata alama ya chai.

Baba yake naye aliitazama kwa simu, ameisogeza karibu igusane na pua kwa sababu kile kisanduku kilikuwa kama ukucha. Akasema mikono haina neno.

"Nilidhani ananibembeleza," anasema Kasuku. "Mzazi gani atamwambia mwanawe kwamba mkono wake umeharibika?"

Akavumilia, akipiga moyo konde, mpaka lilipotokea la mama mmoja ambaye ukumbini wanamwita Mama Pacha.

Mama Pacha ni kiziwi na anafua nguo za watu. Jioni moja taarifa ilitangaza chanjo ya watoto, ambayo ingetolewa tarehe nne. Katika alama zao, tatu na nne zinatofautiana kwa kidole kimoja tu. Mama Pacha, akiwa ukumbini, aliona tatu.

Tarehe tatu akambeba pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akaenda hadi zahanati. Alikuta hakuna foleni. Mlinzi alitikisa kichwa na kumpungia mkono arudi, naye akaelewa kwamba zoezi limefutwa. Siku ya chanjo yenyewe alikuwa nyumbani, mikono imezama kwenye povu, majirani wakipita na watoto wao mbele ya mlango wake.

Habari hiyo ilimfikia Kasuku kupitia kwa seremala. Hakula siku hiyo.

"Nikikosea matokeo ya mpira watu watabishana, yataisha," anasema. "Hili lilikuwa la watoto. Nikajiuliza, kesho nitakosea lipi?"

Asubuhi yake alimpitia Mama Pacha, wakaenda pamoja zahanati. Muuguzi wa zamu aliwasikiliza, akawaambia nafasi ya kuwachanja wale ambao hawakufika bado ipo, na wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe hadi nyumbani na kikasha chake cha barafu. Pacha wote wawili walichanjwa, wakalia, wakanyonya, wakalala.

Moyo wa Kasuku ulitulia kuhusu watoto. Kuhusu mkono haukutulia. Alimwendea mhariri akamwambia atamaliza mwezi, na kama pale mapokezi bado pana nafasi, angeshukuru kurudishwa. Mhariri alimsihi asubiri. Akakataa.

Baba yake hakubishana naye kuhusu kazi. Alichokataa ni jinsi alivyotaka kuondoka. Tangu malalamiko yaanze, Kasuku hakuwa amekanyaga ukumbini. Kila Jumapili baba yake alipokwenda huko, yeye alikuwa na udhuru, mara kichwa, mara kufua. Mzee alimwambia kwamba watu hao wamemjua tangu akiwa na meno ya utoto, na mtu mzima haagi kwa kujificha.

Ndiyo maana Jumapili moja mchana, baba na binti waliingia katika chumba kirefu chenye mabenchi, madirisha yasiyo na mapazia, na mbele, ukutani, runinga ambayo Kasuku hakuwahi kuiona. Ilikuwa pana kama mlango uliolazwa ubavu.

Seremala alimweleza kwa fahari kwamba mfadhili mmoja ndiye aliyewaletea, na ile ya zamani, ndogo, wameipeleka chumba cha watoto. Ilifika wakati uleule Kasuku alipotoka kwenye plasta. Hakuna aliyelitilia maanani hilo, hata Kasuku mwenyewe. Alikuwa akitafuta maneno ya kuaga.

Waliweka marudio ya taarifa ya jana yake, na kwa mara ya kwanza Kasuku akajiona mkubwa. Kisanduku ambacho kwenye simu kilikuwa ukucha, hapa kilikuwa na kimo cha mtoto aliyesimama. Aliona uso wake vizuri alipokuwa ametulia. Mara taarifa ikaanza, mikono ikaanza kwenda, na vidole vikayeyuka. Viliungana vikawa bonge, vikaacha kivuli hewani kama sabuni inayopotea majini, kisha mkono uliposimama vikarudi kuwa vitano.

"Nikasema, kumbe ni kweli," anasimulia. "Nilikaa kwenye benchi."

Aliendelea kutazama kama mtu anayeangalia jeraha lake, hawezi kuondoa macho. Ndipo alipoona jambo ambalo mpaka leo akilisimulia huushika mkono wake wa kushoto. Nao ulikuwa ukiyeyuka.

"Wa kushoto haujawahi kuvunjika," anasema. "Haujawahi hata kuteguka. Sasa unayeyuka kwa nini?"

Akamvuta baba yake shati. Mzee hakuhitaji maelezo marefu. Alitoa simu, akaitafuta taarifa ileile, akasubiri runinga ifike mahali pamoja nayo, kisha akaibandika simu ukingoni mwa ile runinga kubwa. Maneno yaleyale, wakati uleule. Kwenye runinga, bonge la vidole. Kwenye simu, mtu mdogo kama sisimizi, lakini kila kidole kimesimama peke yake.

Watu wakainuka mabenchini. Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiisogeza karibu na macho, kisha akiinua kichwa kuangalia ukutani, kisha akiirudia simu. Seremala aliizima runinga. Akamwomba Kasuku asimame mbele na awape taarifa ileile kwa mikono yake.

Alisimama. Aliwapa habari za barabara, za mvua, na za mtihani wa shule. Alipomaliza, seremala aliyarudia yote, tarakimu kwa tarakimu, akiwauliza wenzake kama kuna aliyeona tofauti. Hakuna aliyeona tofauti.

Mama Pacha alikuwa benchi la pili. Alikuja mbele, akaushika ule mkono wa kulia, akaugeuza kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuianika, akauachia ili aweze kusema.

"Mkono wako haujambo," alisema kwa alama. "Wacha kuusingizia."

Ukumbini hawapigi makofi; huinua mikono na kuitikisa hewani. Kasuku anasema hakuiona vizuri mikono hiyo, maana machozi yalikuwa yamemzidi. "Nililia kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake kapona. Na mgonjwa mwenyewe ndiye mimi."

Kesho yake alimtafuta fundi mitambo wa kituo, ambaye kila mtu humwita Waya. Waya hakubisha. Jioni hiyo alibeba kompyuta yake hadi ukumbini, akatazama, akajishika kichwa.

Tatizo, anaeleza Waya, lilikuwa limefichwa na udogo wa vioo vya simu. Picha inayosafirishwa kwa mtandao hubanwa iwe nyepesi, ili isikwame njiani na isimalize bando la mtazamaji. Katika kubanwa, hupoteza vitu vidogo vidogo, na kinachoumia zaidi ni kile kinachokwenda kasi. Mtangazaji amekaa kama sanamu, hapotezi kitu. Vidole vya mkalimani ndivyo vinavyopotea kwanza.

"Kwenye simu jicho linasamehe," anasema Waya. "Picha ni ndogo, na kasoro zake ni ndogo, unaona kila kitu safi. Ni kama kitambaa chepesi: ukikikunja, utasema ni kizito. Kitandaze dirishani ndipo utaona mwanga unavyopenya."

Kituo kilikuwa kikirusha picha moja nyepesi kwa watu wote. Mhariri huitazama kwa simu. Waya mwenyewe huitazama katika chumba cha mitambo, lakini pale inaonekana kabla haijabanwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona jinsi inavyofika kwenye ukuta wa watu.

Tena yakagundulika mengine. Waliokuwa wakitazama kwa simu waliisifu picha kuwa safi, ila wengi wao walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kisanduku, kwa kuwa hawakuweza kukisoma. Hata fundi cherehani, alipobanwa, alikubali kwamba sehemu kubwa alikuwa akibahatisha.

"Huyu nimemlea," mzee anaeleza, na binti yake ananitafsiria huku akitabasamu. "Hata akinipa mgongo najua anasema nini."

Marekebisho hayakuwa ya siku moja. Waya alianza kurusha picha mbili, nyepesi kwa wenye simu na nzito kwa wenye runinga kubwa. Taa ziliongezwa mbele ya pazia la kijani. Kisanduku kikaondolewa kabisa, na Kasuku akapewa theluthi ya skrini, kutoka juu hadi chini, ili wa simu nao wapate kusoma. Mtangazaji alilalamika kwamba amesogezwa kama mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Siku hizi analitania jambo hilo hewani.

Mhariri naye alilazimika kuwaeleza wenye kituo kwa nini picha nzito inastahili gharama yake. Aliwapeleka ukumbini wakaone. Tangu hapo ameweka utaratibu: kipindi chochote kipya kitazamwe kwanza kwenye simu, kisha kwenye runinga ya ukumbi wa viziwi, kabla hakijaitwa kizuri.

"Nilikuwa nasema haina kasoro," anasema mhariri, "na nilikuwa nasema kweli. Kwenye simu yangu haikuwa na kasoro."

Jioni ya kwanza ya mpango mpya, Kasuku alikuwa studio na hakuweza kujua ukumbini wanaona nini. Alipomaliza alikwenda kukaa kwenye ngazi zilezile, zikiwa kavu, akashika simu. Ikaja video ya seremala. Safari hii hakutanguliza pole wala habari za mzee. Alisimama tu mbele ya benchi akarudia taarifa ya hali ya hewa kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyuzi zote za joto, na mwishoni akaongeza kwamba hajakosa hata tone.

"Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku niliyoanguka," anasema Kasuku.

Pale mapokezi pameshapata karani mwingine, na hilo halimsumbui. Mkono bado humuuma asubuhi za baridi. Matambara mabichi anaendelea kuyakamua, chini ya usimamizi uleule.

Mama Pacha hajawahi kumlaumu. Nilipomkuta ukumbini, mmoja wa wanawe akimvuta hereni na mwingine akitambaa chini ya benchi, aliniambia kwamba kwa walivyolia siku ya sindano, hao wawili wangependa runinga ibaki mbovu.

Sasa Kasuku ana jambo jipya kichwani. Watoto viziwi, anasema, hawana kipindi chao. Hadithi za watoto hewani ni sauti na nyimbo, na mkalimani akiwekwa, huwekwa pembeni. Amemwomba mhariri kipindi kifupi cha Jumamosi asubuhi, ambamo atasimama katikati, skrini nzima ni yake, na hadithi isimuliwe kwa lugha ya alama tangu mwanzo. Mhariri amekubali kijaribiwe. Waya ameanza kupima taa.

Palikuwa na swali moja kwenye kikao: je, watoto wanaosikia watafuataje? Kasuku alilipeleka nyumbani kwa baba yake, akamkuta mzee akitia uzi kwenye sindano. Mzee alimaliza kwanza kutia uzi, akaweka sindano chini ili mikono iwe huru.

"Hao nao," alisema, "watafutiwe kisanduku pale pembeni."